Alama ya meli ya binti yangu imeganda katikati ya bahari: je, meli imepatwa na jambo?

SWALI: Mimi ni mama, ninaishi Kiboriloni, Moshi. Binti yangu amepata nafasi ya mafunzo katika meli kubwa ya matanga yenye milingoti mitatu. Siku tano zilizopita waling'oa nanga Mindelo, katika visiwa vya Cape Verde, kwenda Cape Town. Kijana mmoja wa duka la vifaa vya ofisi aliniwekea kwenye simu programu ya bure ya kufuatilia meli. Siku ya kwanza niliiona ikitembea hadi ikapita kisiwa cha Brava, ingawa ilielekea kusini-magharibi kana kwamba inakwenda Brazil. Baada ya hapo alama ikaganda, na leo ni siku ya nne haijasogea. Pembeni pameandikwa kasi ya 6.8, na mshale wa meli umeelekea upande mmoja huku mstari wa njia ukielekea mwingine. Programu inataka nilipe dola ndipo nione zaidi. Jirani ameniambia kwamba meli za matanga zimewahi kupotea pasijulikane zilikoishia. Binti hapatikani kwa simu. Naomba unieleze kama meli imesimama, imepotea njia au imepatwa na jambo, na kama inafaa nilipe.

JIBU: Mama, nianze na lile unalolihitaji kwanza. Katika yote uliyoniandikia, pamoja na picha ya skrini uliyoiambatanisha, sioni hata dalili moja ya kwamba meli imesimama au imepatwa na jambo. Alama imeganda kwa sababu meli imetoka nje ya eneo ambalo redio yake husikika nchi kavu, na imeelekea kusini-magharibi kwa sababu huko ndiko inakopita njia ya meli ya matanga iendayo Cape Town. Kuhusu malipo, subiri kwanza, kwani ipo njia isiyo na gharama iliyo bora zaidi, nami nitaieleza mbele.

Unachokiona kwenye simu hakitoki angani moja kwa moja, kama wengi wanavyodhani. Meli ina kifaa cha redio cha mfumo unaojulikana kwa herufi AIS, ambacho huchukua nafasi ya meli kutoka GPS, kisha huitangaza hewani kwa masafa mawili, megahezi 161.975 na megahezi 162.025. Meli inayotembea chini ya noti 14, yaani maili 14 za bahari kwa saa, hutangaza nafasi, kasi na mwelekeo wake kila baada ya sekunde 10. Iliyotia nanga hutangaza kila baada ya dakika 3. Jina la meli, ukubwa wake na bandari iendako hutangazwa kila baada ya dakika 6. Mfumo huu ni wa lazima tangu mwisho wa mwaka 2004 kwa meli zote za abiria, na kwa meli za tani 300 za ujazo au zaidi zinazofanya safari za kimataifa. Lengo lake lilikuwa meli zisigongane usiku na katika ukungu, na bandari zijue ni nani anayekuja. Kwamba mzazi aliye Moshi anaweza kuona tangazo hilo ni faida iliyojitokeza baadaye, pale watu walio pwani walipoanza kufunga vipokezi na kuyapeleka matangazo hayo kwenye intaneti, ambako tovuti kama MarineTraffic na VesselFinder huyakusanya na kuyachora juu ya ramani.

Sasa, redio ya aina hii husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kwa hiyo umbali wa kusikika hutegemea urefu wa antena mbili, ya meli na ya kituo. Mabaharia hutumia kanuni fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 2.2, utapata umbali wa upeo wake kwa maili za bahari. Fanya hivyo kwa antena zote mbili, kisha jumlisha. Tuseme antena ya meli ya binti yako iko mita 36 juu ya maji. Kipeuo cha pili ni 6, na upeo wake ni maili 13 na kidogo. Kituo kilicho juu ya paa, mita 25, kina upeo wa maili 11. Jumla ni maili 24. Kituo kilicho juu ya kilima cha mita 400 kina upeo wa maili 44, na jumla yake ni maili 57. Hali ya hewa huweza kuongeza au kupunguza, lakini si kwa kiasi cha kuvuka bahari ya Atlantiki. Meli iendayo noti 6 hutoka katika eneo hilo kwa saa kumi hivi, au chini yake. Ndiyo maana uliiona vizuri ilipokuwa katikati ya visiwa, na ilipokiacha kisiwa cha Brava nyuma, pakawa hapana tena sikio la kuisikia.

(Kwa kuwa unaishi chini ya Kibo, huenda hesabu ifuatayo ikakufurahisha kama ilivyonifurahisha mimi. Antena iliyowekwa kileleni, mita 5,895, ingekuwa na upeo wa takriban maili 169 za bahari, ambazo ni kilomita 313; na kwa kuwa bandari ya Mombasa iko kilomita zipatazo 280 kutoka hapo, kwa hesabu tu kilele hicho kingeweza kusikia meli zikiingia Kilindini. Mjini Moshi huwezi kusikia chochote, kwa sababu mji uko chini sana kuliko kilele, na bahari iko mbali kupita upeo wake.)

Turudi kwenye picha yako, maana ina habari nyingi kuliko alama yenyewe. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, pameandikwa kwamba taarifa ilipokewa siku nne zilizopita. Hilo ndilo jambo la kwanza kulitazama kila unapofungua programu, kabla hata ya kutazama ramani. Kasi ya 6.8 unayoiona ni ya wakati huo. Kama meli ingekuwa imesimama hapo iliposikika mwisho, tangazo lingeendelea kufika likiwa na kasi ya sifuri au karibu yake, na umri wa taarifa ungekuwa dakika chache. Taarifa yako iko kinyume kabisa: ni ya zamani, na inaonyesha meli iliyokuwa ikikimbia vizuri kwa tanga. Mtu anayetazama alama bila kutazama umri wake huona meli iliyosimama, wakati ambapo kilichosimama ni habari.

Hali ya meli inayoandikwa hapo, kwamba inakwenda kwa injini, inakwenda kwa tanga, imetia nanga au imefungwa gatini, haitoki kwenye chombo chochote cha kupimia. Huandikwa kwa mkono na ofisa wa zamu, naye akiwa na mambo mengi husahau kuibadilisha. Nimeona meli zikivuka bahari nzima huku zikijitangaza kuwa zimefungwa gatini. Iamini kasi kuliko maneno.

Kuhusu mshale na mstari kutofautiana, hilo halina kasoro yoyote. Mshale huonyesha upande omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ilikoelekea. Mstari huonyesha njia ambayo meli inaipita kweli juu ya ardhi. Katika picha yako omo ilielekea nyuzi 203, na njia ilikuwa nyuzi 214. Tofauti ya nyuzi 11 ni kazi ya upepo unaoisukuma meli demani, yaani upande upepo unakoelekea, pamoja na mkondo wa bahari unaoibeba. Manahodha wa majahazi wa Tanga na Pangani hulijua jambo hili bila kifaa chochote, kwani mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu kiasi kwamba asiyeupa hesabu hujikuta mbali na alikokusudia. Katika meli ya injini tofauti hiyo huwa ndogo. Katika meli ya matanga huwa kubwa, na katika upepo mwanana, meli ikitambaa kwa noti 2, inaweza kuwa kubwa mno bila ya kuwapo hatari.

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali ambalo nadhani limekusumbua zaidi, la njia ya Brazil. Ukiweka rula kwenye ramani kutoka Mindelo hadi Cape Town, utapata njia ya maili zipatazo 3,900 za bahari inayopita si mbali na bega la Afrika Magharibi. Meli ya mizigo yenye injini hupita karibu na hapo. Meli yenye matanga ya mraba, yanayoning'inia kwenye foromali, yaani boriti zilizokingama kwenye mlingoti, haiwezi, na sababu ni kwamba haiwezi kuukaribia upepo wa omo zaidi ya nyuzi 60 au 70. Jahazi letu lenye tanga la pembetatu huukaribia zaidi.

Kuanzia Cape Verde kwenda kusini meli hukutana na maeneo matatu ya upepo. La kwanza ni la upepo wa kaskazini-mashariki, ambao unaisukuma vizuri kutoka tezi, yaani nyuma, na hapo ndipo ulipoiona ikienda noti 6.8. La pili ni ukanda wa shwari ulio karibu na ikweta, wenye mvua za ghafla, radi na upepo usio na mwenyewe. Ukanda huu una umbo la kabari: karibu na Afrika ni mpana, na kadiri unavyoelekea magharibi unapungua upana. Nahodha mwenye busara hujisogeza magharibi mapema ili auvuke pale ulipo mwembamba, na kwa kawaida meli za matanga hukata ikweta kati ya longitudo 25 na 30 Magharibi. Hajisogezi kupita kiasi, kwa kuwa akizidisha ataikuta pwani ya Brazil inayochomoza baharini imemzibia njia. La tatu ni eneo la upepo wa kusini-mashariki, na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu Cape Town iko karibu kabisa na upande upepo huo unakotoka.

Chukua hesabu hii. Upepo unatoka nyuzi 135, yaani kusini-mashariki. Meli inaweza kuukaribia hadi nyuzi 65 tu. Kwa hiyo omo haiwezi kuelekea mashariki zaidi ya nyuzi 200, ambazo ni kusini na magharibi kidogo; ongeza msukumo wa kwenda demani, njia yenyewe inakuwa nyuzi 210 hivi. Nahodha akiamua kupiga bisho, yaani kwenda kwa kukatakata mara kushoto mara kulia ili aelekee upepo unakotoka, kwa kila maili 100 anazosafiri atakuwa amepiga hatua maili 42 tu, hata kabla ya kuhesabu kusukumwa. Meli kubwa yenye matanga ya mraba ikifanya hivyo katikati ya Atlantiki itawachosha watu na kumaliza vyakula, na itachelewa kuwasili. Badala yake huuacha upepo uipeleke kusini na magharibi, ikilizunguka lile eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa katikati ya Atlantiki ya Kusini. Katika nusu ya kusini ya dunia upepo hulizunguka eneo kama hilo kinyume cha mwendo wa saa. Meli ikifika upande wake wa magharibi hupata upepo wa kaskazini, na ikishafika latitudo 30 Kusini au chini zaidi hupata pepo za magharibi, ambazo huisukuma moja kwa moja hadi Rasi ya Tumaini Jema.

Njia hii si ugunduzi wa leo. Vasco da Gama aliondoka Cape Verde tarehe 3 Agosti 1497 na kuzunguka kwa mtindo huohuo mbali magharibi, na hakuiona nchi kavu tena hadi tarehe 4 Novemba, ndipo baadaye akapanda pwani ya Afrika Mashariki na kufika Malindi mwezi Aprili 1498. Miezi mitatu bila kuona ardhi, na hakuwa amepotea.

Njia ya mzunguko ni ya maili 5,000 au zaidi. Meli ya ukubwa huo ikipata wastani wa noti 6 usiku na mchana, itakata maili 144 kwa siku, na safari itachukua siku 35 hivi. Wastani ukishuka hadi noti 5, siku zinapanda kupita 40. Kwa hiyo kama kwenye programu pameandikwa kwamba itafika Cape Town baada ya siku 22, usiweke tarehe hiyo moyoni. Tarehe za namna hiyo zina vyanzo viwili. Ama ofisa wa meli aliiandika kwa mkono siku ya kuondoka, ama kompyuta ya tovuti imechukua umbali wa njia fupi na kuugawa kwa kasi ya mwisho iliyoisikia. Kompyuta hiyo haijui kama chombo ni cha matanga. Itaendelea kusema hivyo hata siku meli itakapokuwa imelala kwenye shwari ya ikweta, matanga yamelegea, ikienda noti 1 kurudi kaskazini kwa sababu ya mkondo. Huenda nahodha akawasha injini apite shwari hiyo, maana karibu meli zote za mafunzo za siku hizi zina injini ya msaada. Ukiona siku moja kasi isiyobadilika na njia iliyonyooka kama uzi kuelekea kusini, ndiyo hiyo.

Sasa malipo. Zipo setilaiti zinazosikiliza matangazo yale yale ya AIS kutoka juu. Norway, kwa mfano, ilirusha setilaiti yake iitwayo AISSat-1 mwezi Julai 2010, na tangu hapo kampuni za kibiashara zimerusha nyingi. Habari zake ni ghali kuzipata, ndiyo maana tovuti huzifungia nyuma ya malipo na kukuachia bure zile za vituo vya pwani. Mfumo wenyewe haukubuniwa kwa ajili ya setilaiti. Kila dakika, katika kila mojawapo ya masafa mawili, zimetengwa nafasi 2,250 fupi za kusemea, na meli zilizo jirani hupeana zamu kwa kutumia saa ya GPS. Lakini setilaiti huona maelfu ya kilomita za bahari kwa pamoja, na humo mna makundi mengi ya meli yasiyosikilizana, kila moja likipanga zamu zake. Katika bahari yenye meli nyingi, kama ile iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, inakuwa kama mtu aliyesimama ghorofani juu ya soko la Memorial siku ya mnada akijaribu kusikia bei ya shati moja. Katikati ya Atlantiki ya Kusini meli ni chache, hivyo husikika vizuri zaidi, ingawa setilaiti hupita na kuondoka, na taarifa moja inaweza kufuatwa na nyingine baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo ukilipa, kuna uwezekano mzuri wa kuiona meli. Hata hivyo nakushauri usilipe kwanza, kwa sababu meli nyingi za mafunzo zina kifuatiliaji chao wenyewe, kifaa kidogo kinachotuma nafasi moja kwa moja kwa setilaiti, mara nyingi zile 66 za kampuni ya Iridium ambazo zimeizunguka dunia nzima, na wenye meli huichora safari hiyo kwenye tovuti yao bila malipo. Kifaa hicho hakitegemei vituo vya pwani. Mwandikie barua pepe mwenye meli, au shirika lililomchukua binti yako, uombe kiungo cha ramani ya safari. Uliza kifuatiliaji hutuma nafasi kila baada ya saa ngapi, ili usije ukahangaika bure kati ya taarifa mbili. Omba pia anwani wanayotumia kuwapa wazazi habari, na namba ya simu ya dharura ya ofisi ya nchi kavu. Ofisi iliyo makini hujibu maswali haya kila juma na haitakuona msumbufu. Ikipita siku ya nne au ya tano ya kazi bila jibu, hapo lipa, lakini kwa mwezi mmoja tu, na hakikisha umezima malipo ya kujirudia kwenye simu yako.

Kabla ya kulipa hakikisha pia kwamba unafuatilia meli yenyewe. Majina ya meli hujirudia sana, na zipo boti ndogo za starehe zinazobeba majina ya meli mashuhuri. Kinachotofautisha ni namba ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, yenye tarakimu 7, ambayo meli huibeba tangu inapoundwa hadi inapokatwakatwa vyuma, hata ikibadili jina, mwenyewe na bendera. Namba hiyo ina kipimo chake cha ndani: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Mfano ni 9074729, ambayo jumla yake ni 139, na inaishia na 9 kama inavyotakiwa. Namba ya redio, MMSI, ina tarakimu 9, na tatu za kwanza hueleza bendera. Za Tanzania huanza na 674 au 677, za Kenya 634. Nimeipima namba ya IMO uliyonitumia na iko sawa.

Ukishapata ramani ya kifuatiliaji, chukua daftari na uandike nafasi ya meli mara moja kwa siku, saa ileile. Si lazima ufanye hivyo, lakini wazazi wengi huona kwamba inatuliza kuliko kuitazama simu kila nusu saa. Jihadhari na saa: taarifa nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma ya Tanzania. Kwa kuwa sisi twaanza kuhesabu saa asubuhi jua linapochomoza, njia ya mkato ni kuondoa tatu kwenye UTC, na ikizidi kumi na mbili uondoe kumi na mbili. Saa 09:00 UTC ni saa sita mchana kwetu, na 18:00 UTC ni saa tatu usiku. Jihadhari vilevile na desimali. Nafasi iliyoandikwa 4.20 si nyuzi 4 na dakika 20; ni nyuzi 4 na dakika 12, kwa sababu uzi mmoja una dakika 60. Moshi yenyewe iko nyuzi 3 na dakika 21 Kusini, ambayo kwa desimali huandikwa 3.35, na mbele yake kwa kawaida huwekwa alama ya kutoa kuonyesha kuwa ni kusini mwa ikweta.

Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Hilo hurahisisha mambo. Jumatatu mchana meli ikiwa nyuzi 4 dakika 12 Kusini, na Jumanne saa ileile ikawa nyuzi 6 dakika 30 Kusini, imesogea kusini nyuzi 2 dakika 18, yaani maili 138, na kasi yake ya kwenda kusini ni wastani wa noti 5.75. Longitudo haitumiki hivyo isipokuwa karibu na ikweta, kwa kuwa mistari yake hukaribiana kadiri unavyokwenda mbali; kwenye latitudo 30 uzi mmoja wa longitudo ni maili 52 tu badala ya 60.

Huenda pia siku moja ukaiona alama imeruka hadi mahali pasipowezekana. Kifaa kikipoteza GPS hutangaza latitudo 91 na longitudo 181, ambazo hazipo duniani, na ndiyo namna yake ya kusema kwamba hakina nafasi. Vilevile mawimbi ya GPS huweza kuchezewa: mwezi Juni 2017 meli zilizokuwa katika Bahari Nyeusi, karibu na bandari ya Novorossiysk, zilijikuta vifaa vyao vikionyesha kuwa ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Katika njia anayopita binti yako sitarajii hayo.

Nisimpuuze jirani yako, kwa maana hakusema uongo. København, meli ya mafunzo ya Denmark yenye milingoti mitano, iliondoka Buenos Aires tarehe 14 Desemba 1928 kwenda Australia, ikazungumza kwa redio na meli nyingine siku chache baadaye, kisha haikusikika tena, na mabaki yake hayakupatikana. Kilichochelewesha msako ni kwamba wakati ule ukimya wa miezi ulikuwa jambo la kawaida. Ilichukua muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuona kwamba kuna la kutia shaka. Hali hiyo imebadilika, na imebadilishwa na vitu ambavyo wewe huvioni kwenye programu yako.

Kwanza, meli za abiria na meli za tani 300 za ujazo na zaidi zinazokwenda nchi za kigeni hutuma nafasi zao kwa setilaiti kila baada ya saa 6 kwa serikali ya bendera yao, kupitia mfumo uitwao LRIT. Taarifa hizo hazitolewi kwa umma, lakini vituo vya uokoaji huweza kuzipata. Pili, meli ina boya la dharura linaloweza kujifungua lenyewe meli ikizama, likaelea na kutuma ishara kwa megahezi 406 kwenda kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, ishara yenye utambulisho wa meli hiyo pekee. Ishara hiyo hupokewa na vituo vya uokoaji, na katika sehemu ile ya bahari wahusika wakuu ni Jeshi la Majini la Brazil upande wa magharibi na kituo cha Cape Town upande wa mashariki. Programu ya bure kunyamaza hakuna uhusiano wowote na vyombo hivi kunyamaza. Kama meli ingekuwa na shida, ofisi yake ingejua kabla ya tovuti yoyote, na ndiyo maana nimesisitiza upate namba ya dharura ya ofisi.

Niongeze kwamba kuna meli za matanga ambazo huweza kuamua zenyewe zisionekane. Amerigo Vespucci ya Italia na Gorch Fock ya Ujerumani ni meli za majeshi ya majini, na vyombo vya kijeshi havilazimishwi kutangaza AIS. Hata nahodha wa kiraia anaruhusiwa kuzima kifaa pale anapoona kwamba kukiacha kunahatarisha usalama, kama ilivyotokea katika bahari zilizokuwa na maharamia. Meli ya binti yako ni ya kiraia na haipiti huko.

Simu ya binti haitapatikana hadi Cape Town; minara ya simu haifiki mbali kuliko vituo vya AIS. Baadhi ya meli huwaruhusu wanafunzi kutuma ujumbe mfupi kwa setilaiti mara moja kwa juma, nyingine hukataa kabisa, na hilo pia uliulize katika barua yako.

Kwenye programu ya bure tarajia meli kuonekana tena itakapokuwa makumi ya maili tu kutoka Rasi, na haitakuwa ajabu ikajitokeza kusini au magharibi ya Cape Town badala ya kaskazini. Ikiwa ni kati ya Novemba na Februari, upepo mkali wa kusini-mashariki huvuma huko kwa siku kadhaa mfululizo, na bandari huweza kusimamisha uingizaji wa meli hadi utulie. Basi ukiiona inakwenda na kurudi nje ya ghuba kwa noti 3, huku taarifa zikiwa na umri wa dakika mbili tu, inasubiri nafasi yake ya kuingia gatini.